Nyuki wa Tabora wanaruka, asali inalambwa wapi?

NOVEMBA 7, 2024. Azam Complex, Chamazi. Yanga 1, Tabora United 3. Shabiki wa Yanga hapendi kukumbushwa, shabiki wa Simba hachoki kukumbusha. Siku tano nyuma Wananchi walikuwa wamelala 1-0 mbele ya Azam, wakajipa moyo kwamba hasira zote zitamalizikia kwa wageni kutoka Tabora. Wageni wakaweka tatu, mbili zikiwa za Offen Chikola, na kabla wiki mbili hazijaisha kocha Miguel Gamondi alikuwa ameshafungashiwa virago Jangwani.

Sasa rudi nyuma miaka 167. Novemba 7, 1857, tarehe ileile, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia mji wa Kazeh wakiwa hoi kwa homa. Ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Kazeh ndiyo Tabora tunayoijua leo. Walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakiishi vizuri kwenye matembe yao, na wakakuta Wanyamwezi ambao ndio waliokuwa wakibeba kila kitu, pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, vitambaa, shanga na nyaya kurudi bara.

Tarehe hizi mbili sijaziweka pamoja kwa mambo ya kamati ya ufundi. Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinaleta swali moja ambalo mtu wa Isevya anaweza kukuuliza hata kama hajawahi kumsikia Burton: mali ikipita Tabora, sisi tunabaki na nini?

KITAA KINAVYOKULA

Isevya ni kata ndani ya Manispaa ya Tabora. Ukisikia neno manispaa usichore maghorofa kichwani. Manispaa hii ina katikati ya mji, ina mitaa ya uswahilini, na ina vijiji kabisa ndani ya mipaka yake. Wapo wanaolala mjini huku shamba lao likiwa nje ya mji. Alfajiri anapiga pedeli, jembe limefungwa kwenye keria, jioni anarudi na kuni. Kama una ndugu Tabora unajua baiskeli kule siyo chombo cha mazoezi. Ni gari la familia, ni lori, na kwa baadhi ya vijana ni ajira.

Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza kama Novemba na kuishia Aprili, basi. Baada ya hapo ni jua na vumbi hadi mwaka ugeuke. Kila kitu kinafuata mvua hiyo. Mahindi, karanga, mpunga kwenye mbuga, viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa na kuanikwa hadi vinakuwa matobolwa, chakula kinachokaa miezi bila kuharibika. Maembe yanaiva yote kwa mpigo, bei inaanguka, mengine yanaozea chini ya miti ambayo wazee wanasema ilitokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Ukweli wa hizo kokwa sina namna ya kuuthibitisha, ila ukiona ile mistari ya miembe iliyozeeka unashawishika.

Halafu kuna mazao mawili yanayobeba jina la mkoa. La kwanza ni asali. Misitu ya miombo ya upande wa Sikonge na kwingineko ndiyo kiwanda chenyewe, na mji una Chuo cha Ufugaji Nyuki kabisa. Timu iliitwa Nyuki wa Tabora kwa sababu hiyo. Ukiwa Dar es Salaam, kila muuza asali wa barabarani atakuapia kuwa yake imetoka Tabora, hata kama dumu lenyewe limejaa sukari guru. Jina linauza kuliko mwenye jina.

La pili ni tumbaku, na hapa ndipo penye mkwanja mkubwa na maumivu makubwa. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, huko ndiko inakolimwa kwa wingi. Kitalu kinaanza kabla ya mvua, miche inahamishwa mvua ikianza, majani yanachumwa kuanzia Februari na kuingizwa kwenye mabani kukaushwa kwa moto wa kuni. Ni kazi ya usiku na mchana, maana moto ukizidi au ukizima umepoteza mwaka. Mkulima anakopeshwa mbolea na pembejeo kupitia chama chake cha msingi, yaani AMCOS, kwa hiyo anaingia shambani akiwa tayari anadaiwa. Mzigo ukifika sokoni mteuzi anaupanga madaraja, bei inatajwa kwa dola, deni linakatwa, kinachobaki ndicho chake. Kuna mwaka kinabaki cha kujengea nyumba ya bati, na kuna mwaka jibu linakuja sifuri.

Mtu wa Isevya anaweza asiwe na hata jani moja la tumbaku, lakini anaishi kwa hiyo tumbaku. Fundi cherehani, muuza simu, mwenye bodaboda, mwenye gesti, muuza nguo za mitumba, wote wanajua ni mwezi gani mkulima anashuka mjini na pesa. Kuna kaya hazifikiwi hata na mzunguko huo, zinashikiliwa na ruzuku ya TASAF. Mzunguko wenyewe ni mfupi, na ukiisha umeisha.

LIGI NA TUMBAKU HAZIKUTANI

Hapa kuna kitu ambacho watu wa mpira tunakipita bila kukiangalia. Masoko ya tumbaku yanaanza kuchangamka Aprili au Mei na kuendelea hadi katikati ya mwaka. Ligi Kuu inaisha kati ya Mei na Juni, inarudi Agosti. Maana yake, mfuko wa Tabora unajaa wakati ligi iko likizo. Ligi inarudi, mfuko umeshaanza kutoboka.

Angalia Simba. Walikwenda Tabora Februari 2024, wakaenda tena Februari 2025. Kwa ratiba ya Dar es Salaam, Februari ni mwezi kama mwezi mwingine. Kwa Tabora ni katikati ya mvua, watu wako shambani, chakula cha mwaka jana kinaisha na cha mwaka huu bado kibichi. Ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumwambia baba mwenye watoto watano atoe pesa ya kiingilio. Na bado uwanja unajaa. Ndivyo Simba na Yanga walivyo, mtu atauza kuku.

Siku ya mechi kubwa kama hiyo pesa inatembea kweli. Mama ntilie anaongeza sufuria, bodaboda hawashiki breki, gesti zinajaa watu kutoka Nzega, Urambo na hata Shinyanga, wauza karanga na maji ya kandoro wanazunguka uwanja mzima, kijana mwenye mashine ya kudurufu jezi analala saa tatu usiku mmoja. Hii ndiyo faida ya kweli ya kuwa na timu Ligi Kuu na sitaki kuibeza. Lakini ihesabu vizuri. Kila timu ina mechi 15 za nyumbani kwa msimu wa timu 16. Simba na Yanga zinakuja mara moja moja. Ukiondoa hizo mbili, siku nyingine uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unapumua, na anayekuja kutazama Namungo au Tanzania Prisons ni yule mwenye mapenzi hasa au aliyepewa tiketi.

Wengine wote wako kwenye kibanda umiza. Kiti cha plastiki, pazia jeusi dirishani, buku au chini ya hapo, unatazama mechi mbili. Mkataba wa Azam Media na TFF uliosainiwa 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni Sh225.6 bilioni. Mwenye kibanda Isevya ni kiungo cha mwisho cha hizo bilioni, analipia king'amuzi, anakusanya sarafu. Wakati mwingine mechi yenyewe inachezwa palepale mjini kwao.

MZIGO WA FRASILA MBILI

Nimerudi kwenye misafara kwa sababu Tabora ilijifunza maisha haya zamani sana.

Kazeh haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa njia panda. Mzigo kutoka pwani ukifika hapo unapangwa upya, mmoja unakwenda Ujiji ziwani, mwingine unapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi waliotoka pwani wengi mkataba wao uliishia hapo, wakalipwa, wengine wakaajiriwa. Mnyamwezi mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na ushee, bila kuhesabu mkeka wake, chungu na silaha. Alilipwa kwa merikani, kile kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikofumwa. Njiani alipewa posho ya chakula. Posho ikichelewa, msafara hautembei. Wapagazi walikaa chini, au usiku wakatoweka na mzigo ukabaki porini. Wachezaji wa leo wanaogomea mazoezi kwa sababu ya posho hawajabuni kitu.

Tusipambe, kwenye njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo. Lakini wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa wafanyakazi, waliojadili mshahara, na walitembea kwa kalenda yao. Kiangazi wako barabarani, mvua zikikaribia wanataka kuwa nyumbani walime. Umeona? Kalenda ileile. Kazi ya kupata pesa iko kiangazi, kazi ya kupata chakula iko masika, na anayepanga ratiba kutoka pwani asipolijua hilo anagombana na watu bure.

Faida kubwa ilikwenda wapi? Pembe iliyonunuliwa bara iliuzwa Unguja kwa bei nyingine kabisa. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapahapa Unyanyembe, aliweka utajiri wake kwenye mashamba ya karafuu Unguja. Watemi wa njiani walijaribu kubakiza kidogo kwa kutoza hongo, na hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita, siyo hii ya leo ya chini ya meza. Mirambo wa Urambo alikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, akafunga njia, biashara ya kwenda Ujiji ikayumba. Alitaka njia iwe chini yake. Alifariki 1884 na dola yake haikudumu sana baada yake.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914. Treni moja ikafanya kazi ya maelfu ya mabega. Tawi la Mwanza likakamilika 1928, Tabora ikawa njia panda tena, safari hii ya chuma. Wajukuu wa wapagazi wakapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga. Mji ukabaki na stesheni, wauza asali dirishani, na sifa ya kuwa mahali ambapo kila mtu amewahi kupita.

KUTOKA MILAMBO HADI TRA

Na timu zake? Zimepita vilevile.

Wazee wanaikumbuka Milambo, timu ya wanajeshi iliyobeba jina la mtemi, ambayo miaka ya 1990 ilikuwa inasumbua vigogo kwenye ligi ya juu. Ikapotea. Ikaja Rhino Rangers, ikapanda Ligi Kuu 2013 pamoja na Mbeya City na Ashanti United. Mbeya City walikuwa gumzo la nchi msimu ule. Rhino walikaa msimu mmoja, wakashuka 2014 sambamba na Ashanti na JKT Oljoro. Tabora ikakaa miaka tisa bila Ligi Kuu.

Iliporudi haikurudi na timu iliyozaliwa Isevya, Cheyo wala Ng'ambo. Ilirudi na Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamishia maskani Tabora. Mwaka 2023 ikapanda pamoja na JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma, ikabatizwa Tabora United. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, Agosti 2023 dhidi ya Azam pale Chamazi, ni ya kwenye vitabu vya maajabu. Usajili haukuwa umekamilika kwa wakati, wakaingia uwanjani wachezaji wanane. Wanane! Azam wakapiga nne fasta, Feisal Salum peke yake tatu, na mchezo ukavunjika baada ya wageni kupungua zaidi kwa majeruhi. Msimu huo waliumaliza kwa kunusurika kwenye mechi za mchujo.

Kutoka wachezaji wanane hadi kumpiga Yanga tatu, ni miezi 15 tu. Kwa mpira, hiyo ni hadithi nzuri sana. Mji ukaanza kuamini kwamba timu hii ni yake.

Kisha kabla ya msimu wa 2025/26 klabu ikawa chini ya Mamlaka ya Mapato, na jina likabadilika kuwa TRA United. Uwanja ni uleule, jezi nyingine, jina la mkoa halipo tena kifuani.

Sisemi ni jambo baya moja kwa moja. Timu ya taasisi ina uhakika wa mshahara, na ukiuliza mchezaji aliyewahi kukaa miezi mitatu bila kulipwa atachagua mshahara kabla ya jina. JKT, Mashujaa, Prisons, zote zinaishi hivyo na ziko imara kuliko klabu nyingi za wananchi. Ila tuwe wakweli kuhusu maana yake kwa mji. Timu iliyokuja kwa uamuzi wa ofisi inaweza kuondoka kwa uamuzi wa ofisi. Ligi yetu imejaa mifano. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Fountain Gate ikatoka kwenye jina la Singida, ikatua Babati. Watu wa Mbarali waliopiga makofi vumbini miaka yote hawakuulizwa chochote, na hakuna kanuni inayosema waulizwe.

Chikola naye? Dirisha la usajili la 2025 alikwenda Yanga, kwa walewale aliowafunga. Hakuwa mtoto wa Tabora, alitokea Geita Gold. Alipita, akabeba mzigo wake vizuri, akaendelea na safari.

MARTA ALIPANDA BASI

Sasa tuache anayepita, tumtazame anayezaliwa palepale. Na kwa hilo ngoja nikupeleke mbali kidogo, Brazil, lakini siyo ile Brazil ya Copacabana.

Kuna manispaa inaitwa Dois Riachos, jimbo la Alagoas, kaskazini mashariki mwa nchi. Watu kama elfu kumi tu. Ni nyanda kavu, mvua za kubahatisha, mahindi, maharage, ng'ombe na mnada wa mifugo. Manispaa kama hizo haziwezi kujiendesha kwa kodi ya wakazi wake, zinategemea mgao kutoka serikali kuu, na familia nyingi zinategemea ruzuku ya Bolsa Família iliyoanza 2003. Mtu wa Isevya angefika pale angeshangaa lugha tu. Vumbi angelifahamu.

Februari 1986 alizaliwa pale binti anaitwa Marta Vieira da Silva. Alicheza na wavulana kwa sababu hakukuwa na wasichana wa kucheza nao, na wapo waliotaka afukuzwe. Akiwa na miaka 14 alipanda basi kwenda Rio de Janeiro, safari ya siku tatu, kujaribiwa Vasco da Gama. Mwaka 2004 alikuwa Umeå, Sweden. Akawa mchezaji bora wa dunia mara sita, na mabao yake 17 ya Kombe la Dunia hayajafikiwa na mwanamke wala mwanamume yeyote.

Kwa Marta ni ushindi. Kwa Dois Riachos ni fahari kubwa, na fahari siyo kitu kidogo. Lakini hakukuwa na klabu pale iliyokuwa na karatasi yenye jina lake kwa namna ambayo dunia ya mpira ingelazimika kuilipa. Basi liliondoka na kipaji, mji ukabaki na mahindi yake na mnada wake wa ng'ombe.

Isevya ina watoto wangapi wa namna hiyo? Hakuna aliyewahesabu, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

ASILIMIA TANO

FIFA ina kanuni inaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Siyo klabu kubwa tu. Klabu yoyote iliyosajiliwa na chama cha soka. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA, iliyopo Paris, inayokusanya na kugawa fedha hizo ili wakubwa wasizikalie.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja ya ada. Kila msimu kati ya 16 na 23 una nusu ya asilimia. Chukua mfano wa mezani tu, mchezaji ameuzwa kwa Sh500 milioni kwenda Afrika Kusini au Morocco. Timu ya mtaani iliyomlea tangu 12 hadi 15 inapata Sh5 milioni. Ikikaa naye misimu miwili zaidi, hadi 17, inaongezewa Sh5 milioni nyingine. Jumla Sh10 milioni. Kwa klabu ya Dar hiyo ni pesa ya kambi ya siku chache. Kwa timu ya watoto ya Isevya inayochangishana mpira mmoja, hiyo ni mipira, viatu, nyavu, nauli ya mashindano na bado kocha anapewa kitu.

Tatizo siyo kanuni. Tatizo ni kwamba kwenye kumbukumbu za FIFA huyo mtoto anaonekana amezaliwa akiwa na miaka 19. Miaka yote ya nyuma ni tupu. Alicheza, ndiyo, kila siku jioni, kwenye ndondo za kiangazi wakati pesa ya tumbaku ipo na kila mwenye duka anataka kudhamini kombe lenye mbuzi. Lakini timu yake haikusajiliwa wilayani, yeye hakuwa na leseni, jina analotumia siyo la kwenye cheti cha kuzaliwa, na mara nyingine hata cheti hakuna. Ndondo ya mbuzi haihesabiki. Jina kwenye mfumo wa usajili wa TFF ndilo linalohesabika.

Nchi nzima ina shida hii, siyo Tabora tu, ila Tabora inaumia zaidi kwa sababu ya ile kalenda. Mpira wa mtaani unachangamka Juni, Julai, Agosti. Mvua zikianza watoto wanapotea uwanjani, wengine wako shambani na wazazi, wengine wamepelekwa kabisa vijijini kusaidia kuchuma tumbaku, jambo ambalo sheria inakataza na kila mtu anajua linatokea. Ligi ya vijana ya wilaya inayotaka mtoto aonekane Januari na Februari haitampata. Siyo kwamba hana nidhamu. Yuko kwenye bani.

Chama cha soka cha mkoa kingeweza kuanzia hapo, na hakihitaji bilioni. Michuano ya watoto chini ya miaka 13 na 15 ichezwe Juni hadi Septemba, iwe rasmi, iwe na fomu, na kila mtoto aingizwe kwenye mfumo kwa jina la cheti. Mwenye duka anayetoa mbuzi aendelee kutoa mbuzi, ila mbuzi achezewe na timu zilizosajiliwa. TRA United wakitaka kuonyesha kwamba wapo Tabora na si kwamba wanapangisha uwanja tu, kulipia usajili wa timu kumi za watoto za kata kama Isevya ni kazi ndogo kwa taasisi ambayo kuandikisha watu ndiyo fani yake.

Haraka ipo pia kwa sababu ya reli mpya. Treni ya SGR imeshaanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma tangu 2024, na vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma viko kwenye ujenzi. Ikifika, safari ambayo kwa treni ya zamani inakula usiku na mchana itakuwa ya saa chache. Mashabiki watakuja kwa wingi zaidi, gesti zitajaa, asali itauzwa. Mawakala wa wachezaji nao watapanda treni hiyohiyo. Atashuka asubuhi, atatazama ndondo jioni, kesho yake atakuwa na kijana wa miaka 16 kwenye siti ya pembeni kuelekea Dar.

Msimu wa kiangazi wa mwaka huu fomu za usajili wa timu za daraja la chini zinachukuliwa ofisi ya chama cha wilaya kama miaka yote. Mtoto aliyetimiza miaka 12 Isevya, robo yake ya asilimia imeshaanza kuhesabika. Inasubiri jina la timu.